Dawa ya Nini?

Mwezi wa nne, mitihani ilipokwisha, tulifanya karamu ndogo nyumbani kwa mwenzetu mmoja, Etobicoke. Walimu wetu hawakualikwa, kwa hiyo wataisikia habari hii hapa kwa mara ya kwanza, na tunaomba radhi mapema. Tulipika pilau, mwingine akaleta sambusa, na kwa upande wa vinywaji tukaamua kuwa mwaka huu hatutanunua soda. Tutatengeneza wenyewe kitu cha nyumbani. Tukakumbuka kinywaji ambacho kila mgeni anayepita Nairobi hurudi akikisifia: dawa. Ndimu, asali, sukari, barafu na vodka. Tukakijaza kwenye bakuli kubwa la kioo, tukabandika karatasi yenye neno moja tu, DAWA, tukasimama pembeni kupiga picha. Tuliona tumefanya jambo la Kiswahili kwelikweli.

Bibi yake mwenzetu anaishi humo ndani. Ni mtu wa Mombasa, na tangu Machi alikuwa na kikohozi kisichotaka kumtoka. Alitoka chumbani kutusalimu, tukampa shikamoo zetu, akazipokea moja moja, kisha akauliza bakulini mna nini. Mmoja wetu akajibu kwa furaha, "Ni dawa, bibi." Akauliza kama ina ndimu na asali. Tukasema ndiyo, ina ndimu na asali. Yote mawili yalikuwa kweli. Akamiminiwa glasi, akapiga bismillahi, akanywa funda moja.

Aliiweka glasi mezani taratibu. Hakupaza sauti. Alitutazama tu, akauliza, "Dawa ya nini hini, wanangu?"

Hakuna aliyemjibu. Mjukuu wake alimshika mkono akamrudisha chumbani, na sisi tukaendelea kula pilau bila kutazamana.

Hatuandiki haya ili tutubu hadharani. Kwake tulikwenda wenyewe, tutaeleza mbele. Tunaandika kwa sababu tangu siku ile tumebishana sana, na wanne kati yetu tumefikia maoni ambayo tungependa chama kizima kiyajadili kabla ya karamu ijayo. Maoni yenyewe ni haya: kinywaji cha chama kitengenezwe kikiwa kamili bila pombe, kipewe jina linaloeleweka, na pombe isiingie kamwe katika jagi la pamoja. Anayeitaka aitie katika glasi yake. Huenda hili likaonekana dogo kwa chama cha wanafunzi wa lugha. Sisi tunaona ni jambo la lugha kwanza, kisha ndipo liwe la ulevi.

Tuanze na neno lenyewe. Swali la bibi tulilichukua kama lawama, na lilikuwa lawama kweli, lakini baadaye tuligundua kwamba lilikuwa pia swali sahihi kabisa la sarufi. Dawa kwa Kiswahili haisimami peke yake. Kuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya kikohozi, na hata dawa ya mtu mkorofi, ambayo kwa kawaida haiuzwi dukani. Ukiitaja dawa bila kusema ya nini, msikilizaji anajaza pengo kwa anachokijua. Bibi mwenye kikohozi, anayejua tangu utotoni kuwa ndimu, asali na tangawizi ni dawa ya kifua, alilijaza pengo letu vizuri kuliko sisi. Sisi tulilitoa neno hilo kwenye orodha ya vinywaji tuliyoiona kwenye simu.

Na hata Nairobi kwenyewe neno hili lina glasi mbili. Ukiingia mkahawa wa kahawa mchana ukaagiza dawa, utaletewa kikombe cha moto cha ndimu au limau, tangawizi na asali, na mtoto wako anaweza kukinywa. Ukiingia baa usiku ukaagiza dawa, utaletewa glasi fupi ya barafu yenye vodka, na ndani yake kijiti kilichochovywa kwenye asali. Hiyo ya baa ilipata sifa kupitia Carnivore, mkahawa wa nyama choma uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980, na ukiichunguza utaona ni ndugu wa caipirinha ya Brazil: ndimu iliyopondwa, sukari na barafu, ila pombe ya miwa imetolewa ikawekwa vodka, na asali ikaongezwa. Hatusemi kuwa ni mbaya. Ni kinywaji kilichobuniwa vizuri, na kijiti kile kina sababu yake, kwani asali haiyeyuki kwenye baridi. Mnywaji huikoroga polepole akipata utamu anaoutaka. Lakini ni kinywaji cha mkahawa kilichotungwa kwa wateja wa mkahawa, na sisi tuliokulia Toronto tulikichukua kama urithi wa bibi zetu, halafu tukampa bibi.

Hapo ndipo penye aibu yetu ya kweli. Kiswahili chetu wengi tumekipata jikoni na kwenye simu. Tunajua kusema njoo ule, zima taa, umekua siku hizi. Maneno mengine tunayaokota popote, na tukiyaokota hatuulizi yametoka wapi. Hata ndimu tulikuwa hatujui. Wale ambao wazazi wao ni wa bara waliita kila kitu kichachu limau, la kijani na la njano. Tulifunzwa baadaye, kwa ukali kidogo, kwamba dogo la kijani lenye ngozi nyembamba ni ndimu, kubwa la njano ni limau, na kwamba mtu mzima aliyesoma chuo kikuu anatakiwa kuzitofautisha.

Aliyetufunza ni bibi mwenyewe. Wiki moja baada ya karamu tulikwenda watatu kumwomba msamaha. Tulikuwa tumejiandaa na maneno, tumeyaandika hata kwenye karatasi. Alitusikiliza mpaka mwisho, hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alisema, "Nawieni mikono." Kisha akatoa friza pakiti ya ukwaju.

Tulikaa naye jikoni saa mbili. Kipande cha ukwaju cha gramu 200 hivi, ule wenye kokwa, alikiloweka kwenye lita moja na nusu ya maji ya moto yasiyochemka, akakifunika na sahani. Baada ya nusu saa akatuambia tuingize mikono. Mmoja wetu aliuliza kama hatuna blenda. Akamtazama kama anavyotazama televisheni inapokwamakwama. Blenda huzivunja kokwa, alisema, na kokwa zikivunjika maji yanakuwa machungu na ya mchanga. Ukwaju huvurugwa kwa vidole mpaka nyama iachane na kokwa, ndipo uchujwe, na makapi yarudishwe kwenye maji kidogo yavurugwe tena, kwa sababu mara ya pili nayo bado hutoa ladha. Akatia sukari robo tatu ya kikombe, hiliki iliyotwangwa, na chumvi ya kushikwa kwa vidole viwili. Chumvi ile ndiyo iliyotushangaza. Kabla yake kinywaji kilikuwa kichachu na kitamu tu; baada yake kikawa na mwili. Alikiweka kwenye friji na kututuma dukani kununua tende. Tuliporudi akatumiminia juu ya barafu. Tulikunywa kimya, na kikohozi chake kilikuwa bado hakijapona.

Tukiwa pale ndipo tulipoanza kufikiri juu ya neno jingine, la Kiingereza safari hii. Huku kwetu kinywaji cha matunda kisicho na pombe huitwa "mocktail", yaani kokteli ya kuigiza, na kuna wengine hukiita bikira, jina ambalo hatutalijadili mbele ya walimu. Majina yote mawili yanasema kitu kimoja: kuna kinywaji halisi, na hiki kimekosa kilicho muhimu. Lakini ukwenda Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam kwenye duka la juisi ukaomba kokteli, utapewa juisi ya mchanganyiko, pengine embe chini, parachichi katikati na kitu chekundu juu, na hakuna atakayekuuliza kitambulisho. Kokteli kule ni matunda. Pwani sharubati ndiyo kinywaji kamili: ya ukwaju, ya embe, ya stafeli, ya bungo, ya miwa iliyosagwa pamoja na ndimu na tangawizi. Jioni ya Ramadhani haiwezekani kuikuta meza bila jagi lake. Neno sharubati limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunywa, mzizi uleule uliowapa Waingereza maneno yao ya sharubati nzito ya dawa na ya barafu tamu. Kunywa tu, bila kueleza kimekosa nini.

Ndiyo maana hatupendi wazo lililotolewa na baadhi ya wenzetu, kwamba tuwe na bakuli kuu lenye pombe na kando yake chupa za soda na juisi za boksi "kwa wale wasiokunywa." Tumeshakuwa wale wasiokunywa. Baadhi yetu ni Waislamu, baadhi ni Walokole, mmoja ni dereva wa wote. Na Ontario sheria inataka mtu awe na miaka 19 ndipo anunue au anywe pombe, na wanachama wetu wa mwaka wa kwanza wengi wana 18. Ukihesabu hivyo, bakuli kuu huwa la wachache, na wengi ndio wanaosimama kando na boksi lenye mrija. Baada ya karamu ile wanachama wawili wapya hawakurudi. Hatukuwauliza sababu, pengine ni masomo. Lakini tulikumbuka kwamba wote wawili walikuwa wamekaa karibu na mlango.

Sasa tusikilize upande wa pili, kwa sababu una haki yake na umetetewa na watu tunaowaheshimu. Hoja yao ni kwamba tunajifanya watakatifu. Afrika Mashariki ina pombe zake, na nyingi ni za matunda au mimea ya nyumbani. Uganda wana tonto ya ndizi, na waragi. Tanzania wana Konyagi na zabibu za Dodoma. Pwani yenyewe, hatua chache kutoka msikitini, kuna mnazi unaogemwa. Kwa nini tufute nusu ya utamaduni eti kwa sababu ya bibi mmoja?

Hatutaki kuifuta. Ila hebu tazameni jinsi watu hao walivyokuwa makini na majina. Maji ya mnazi yaliyogemwa asubuhi ni tembo tamu; yakikaa yakachacha ni tembo kali. Mti mmoja, siku moja, majina mawili, ili anayepewa ajue anapewa nini. Uganda ndizi mbivu hukandwa kwa nyasi mpaka zitoe maji, na maji hayo yakiwa mapya hunywewa na watoto. Yakitiwa mtama na kuachwa ndipo yanakuwa tonto. Kinywaji kitamu kinakuja kwanza, kikiwa kizima, na ukali unakuja baadaye kwa uamuzi wa mtu. Sisi tulifanya kinyume. Tulianza na ukali, tukaufunika kwa asali, tukaupa jina la kutibu.

Mmoja wetu wanne anakwenda mbali zaidi, anataka pombe isiwepo kabisa katika shughuli yoyote ya chama, hata mezani pembeni. Watatu hatukubaliani naye, kwa sababu watu wazima wana haki ya kuchagua na kwa sababu wakikatazwa wataleta chupa kwenye mifuko, jambo ambalo ni baya zaidi. Tumeshindwa kukubaliana naye na tumeamua kuliandika hivyo.

Kinachobaki ni swali la kweli: je, kinywaji bila pombe kinaweza kuwa kitamu kiasi cha kumfanya mtu mwenye miaka 21 asisikie kuwa yuko kwenye sherehe ya mtoto? Tumejaribu majira yote ya joto, jikoni mwetu, kwa fedha za wanafunzi, na jibu ni ndiyo, lakini kazi ipo. Kosa kubwa la juisi za karamu ni kuwa tamu tupu. Pombe huwasha koo, ndiyo maana watu hunywa polepole. Ukiiondoa lazima uweke kitu kingine kinachowasha au kinachokaza ulimi: tangawizi, ndimu, ukwaju, pilipili manga, hata chumvi.

Dawa yetu sasa tunaifanya hivi. Tangawizi gramu 100 tunaiparuza pamoja na ganda lake, tunaichemsha kwenye nusu lita ya maji kwa dakika kumi, tunaizima na kuichuja. Ikipoa kiasi cha kuweza kuzamisha kidole, tunatia asali karibu kikombe kizima. Hapo huyeyuka vizuri na hakuna haja ya kijiti. Ikishapoa kabisa tunakamulia ndimu kumi. Ndimu hazichemshwi, maana zikichemshwa harufu hukimbia na uchungu hubaki. Za huku wakati wa baridi ni ngumu kama gololi, basi zibingirishe mezani kwa kiganja kabla ya kuzikata, zitatoa maji zaidi. Tunaongeza lita moja ya maji baridi na barafu iliyopondwa ndani ya taulo, na majani ya nanaa yaliyopigwa makofi mara moja. Wanatosha watu kumi, au wanane wenye kiu. Mtu mmoja alishauri tutumie sharubati ya mti wa maple badala ya asali ili kuonyesha kuwa sisi ni Wakanada pia. Tulijaribu. Ilikuwa na ladha ya chapati za maji za Jumapili asubuhi, na hatutarudia.

Matunda yenyewe Toronto yapo, ila lazima ujue anaitwaje na nani. Pasheni, ambayo wengine wetu tunaiita karakara, ni ghali sana ikiwa nzima, moja moja kama yai la mbuni. Lakini Kensington Market, kwenye maduka ya watu wa Amerika ya Kusini, utaipata imegandishwa kwenye pakiti kwa jina la maracuyá, na pakiti moja inatosha jagi. Embe zile ndogo za njano za Mexico, Ataulfo, huja majira ya kuchipua na hazina nyuzi; na mwanzoni mwa kiangazi maduka ya Gerrard Street huleta embe za India na Pakistan kwa maboksi. Ukwaju upo kila duka la Waasia. Bungo hatujawahi kuliona hapa, na tukilisikia linatajwa tunanyamaza kidogo.

Kuna na ua. Dar es Salaam wanaliita choya au rozela. Mmoja wetu alilinunua likiwa limekaushwa kwenye duka la Wajamaika, Eglinton West, ambako huitwa sorrel na hupikwa Krismasi pamoja na tangawizi. Mwanafunzi mwenzetu kutoka Sudan akaliona akasema, hii ni karkade yetu. Msenegali wa chumba cha jirani akasema bissap. Jirani yetu Mjamaika alipoulizwa kuhusu rum alieleza kwamba kwao huipika sufuria kubwa bila kitu, wakawajazia watoto na watu wa kanisani, halafu baba zake ndio huitia rum kwenye glasi zao. Hatukumwambia kuwa tumekaa miezi mitatu tukibishana ili kufikia hapo.

Basi pendekezo letu kwa mkutano ujao ni kwamba tuwe na majagi matatu: ukwaju, embe na pasheni, na dawa. Kila jagi liwe na karatasi ya Kiswahili iliyoandikwa vilivyomo vyote, mpaka hiliki, na kwenye dawa paandikwe kuwa ni ya ndimu, asali na tangawizi. Tungependa walimu wasahihishe karatasi hizo kabla hazijabandikwa; tumeshaona matokeo ya kubandika bila kusahihishwa. Wanaotaka pombe wawe na meza yao, mtu mmoja mwenye miaka ya kutosha aisimamie, na chupa zisisogezwe kwenye majagi. Wenye zamu ya kukamua wafike saa mbili mapema, na waje na mikono, blenda waziache nyumbani.

Bibi tumemwalika. Amesema atakuja akijaliwa, na atakuja na chupa yake mwenyewe.